Jehanamu, kuzimu, jinamizi au distopia? Kuchagua jina la mahali pa kutisha

Mwandishi anapofika kwenye sentensi inayodai jina la mahali pabaya kupita kiasi, Kiswahili humpa maneno mengi kwa mpigo mmoja: jehanamu, motoni, kuzimu, jinamizi, kiama, mahame, na siku hizi distopia, yaani nchi ambayo mateso yake yamepangwa na kutungiwa sheria. Wengi wetu huchukua lililo karibu na ulimi, na mara nyingi huwa jehanamu. Gereza ni jehanamu, mtaa usio na maji ni jehanamu, mji uliopigwa mabomu ni jehanamu, nchi ya kubuni yenye watawala dhalimu nayo ni jehanamu. Msomaji anabaki na moshi machoni bila kuona ni nani aliyewasha moto.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wanaoandika habari, hadithi, tafsiri na tasnifu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: kila neno kati ya haya humkabidhi msomaji mtu tofauti wa kumwuliza maswali. Jehanamu humpeleka kwa Mungu. Kuzimu humpeleka kwa wafu. Jinamizi humpeleka kwa aliyelala. Distopia humpeleka kwa aliyetunga sheria. Ukikosea neno, unampeleka msomaji kugonga mlango wa nyumba isiyohusika.

Jehanamu na distopia

Hawa ndio wawili wanaochanganywa zaidi, na ndio wanaostahili nafasi kubwa.

Jehanamu ilianza kama mahali halisi, bonde lililo kusini mwa mji wa kale wa Yerusalemu, ambalo Biblia inaliita bonde la mwana wa Hinomu. Humo, kwa mujibu wa maandiko, wafalme Ahazi na Manase waliwapitisha watoto wao motoni kuwa sadaka, na nabii Yeremia akalilaani. Baadaye jina la bonde likageuka kuwa jina la adhabu ya baada ya kufa. Lilitufikia sisi kwa njia ya dini: Waislamu wa pwani husema Jahanamu, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ikaandika “jehanum ya moto”. Motoni ni neno lilelile la mahubiri lililovaa nguo za nyumbani. Bibi anayemkanya mjukuu wake hasemi “utaingia Jahanamu” kila mara. Husema “utaenda motoni”, na inatosha.

Distopia ina safari nyingine. Mwaka 1516 Thomas More wa Uingereza alichapisha kitabu kuhusu kisiwa cha kubuni alichokiita Utopia, jina alilolijenga kwa Kigiriki likacheza kati ya “mahali pasipokuwapo” na “mahali pema”. Baadaye watu wakageuza kipande cha mbele cha neno ili lipate maana ya mahali pabaya. Matumizi yaliyolifanya likumbukwe yalikuwa bungeni. Mwaka 1868 John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyekuwa mbunge, aliishambulia sera ya serikali ya Uingereza kuhusu ardhi ya Ireland. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu wa utopia hupendekeza jambo jema mno lisilotekelezeka, lakini hawa walikuwa wakipendekeza jambo baya mno lisilotekelezeka, kwa hiyo walistahili jina la kinyume chake.

Nalipenda sana tukio hilo, kwa sababu linatuonyesha distopia ilikuwa na kazi gani kabla haijachukuliwa na hadithi za roboti na miji ya vioo. Lilikuwa neno la kushtaki sera. Ireland ilikuwa imepoteza watu wapatao milioni moja katika njaa iliyoanza mwaka 1845, na wengine wengi wakakimbilia ng'ambo, huku mfumo wa umiliki wa ardhi ukibaki mikononi mwa mabwana wachache. Mill hakusema Ireland ni motoni. Alisema kuna watu, wana majina, wamekaa kwenye viti vya bunge hilohilo, na wanachopendekeza ni mahali pabaya.

Hapo ndipo tofauti inapokaa. Jehanamu, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, ni mahali pa haki. Anayeingia huko amehukumiwa na Hakimu asiyekosea, kwa matendo yake mwenyewe. Moto wake unatisha, lakini haumwonei mtu. Distopia haina haki hiyo. Watu wake wanateswa na sheria iliyoandikwa na binadamu wenzao, na mara nyingi sheria hiyo imeandikwa kwa lugha nzuri kabisa: usalama, maendeleo, usafi, umoja, nidhamu.

Sasa angalia madhara ya kuchagua vibaya. Mwandishi wa habari anayekiita kitongoji cha watu maskini “jehanamu ya duniani” anadhani anawahurumia wakazi wake. Lakini neno alilolichagua, katika kila msikiti na kila kanisa analoswali msomaji wake, lina maana ya mahali pa wenye dhambi. Chukua Kibera, Nairobi. Eneo lile lilianza kukaliwa na askari wa Kinubi wa jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo mingi serikali zilizofuatana hazikuwapa hati ya ardhi. Ukosefu wa maji, mitaro na njia hauwezi kuelezwa bila kuitaja ardhi ile isiyo na hati. Ukiandika “jehanamu ya Kibera”, historia hiyo yote inatoweka, na wanaobaki kwenye picha ni wakazi peke yao, kana kwamba wao ndio waliouleta moto. Mimi nasema neno hilo liachwe kabisa kwa mitaa ya watu. Ni tusi hata likisemwa kwa machozi.

Je, tuite Kibera distopia? Hapana vilevile. Distopia inadai mpangilio: mtu amekaa, amepanga, ametoa amri, ameweka walinzi wa amri. Mtaa ambao serikali imeupuuza ni jambo jingine, na jina lake la kweli ni kupuuzwa. Hapa sentensi iliyo wazi inashinda neno lolote kubwa: “Mtaa huu hauna bomba la maji, na wakazi wake hawana hati za viwanja.” Msomaji hahitaji kuambiwa aogope baada ya kusoma hivyo.

Lakini ipo mifano ambayo distopia inafaa kama ufunguo kwenye kitasa chake, na hatuhitaji kuitafuta katika hadithi za Ulaya. Kenya ya kikoloni ilikuwa na kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia saini ya kumwachilia alikuwa amevunja sheria na angeweza kusakwa. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Hakuna moto hapo, hakuna mapepo, hakuna kilio cha usiku. Kuna karatasi, saini na rejista. Mtu anaamka asubuhi, anavaa kengele yake, anakwenda kazini. Hiyo ni distopia halisi, na kuiita jehanamu kungeificha, kwa sababu jehanamu humfanya msomaji atafute miali ya moto mahali ambapo kilichotakiwa kutazamwa ni saini.

Kisha njoo kwenye Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952 dhidi ya waasi wa Mau Mau. Waingereza walijenga mtandao wa kambi za kizuizini, na wafungwa wakapangwa kwa rangi: weupe ni waliohesabiwa hawana hatia au wamekubali, wa kijivu ni wa katikati, weusi ni “wagumu”. Mtu aliweza kusogezwa kutoka kambi hadi kambi kadiri alivyokiri kiapo chake cha Mau Mau na kukubali kufanya kazi. Walioshindikana walipelekwa sehemu kama Hola, karibu na mto Tana. Mpango uliandikwa wa kuwalazimisha kufanya kazi kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 ukatekelezwa, na wafungwa 11 wakapigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Hola inataka neno gani? Hapa nakubali yote mawili, lakini si kwa kitu kimoja. Kwa wale watu 11 na wenzao waliolala chini wakipigwa, sitamkataza mtu kusema ile siku ilikuwa jehanamu. Aliyepatwa ana haki ya kuliita jambo lake kwa neno lolote linalotoka kinywani. Lakini mwandishi anayesimulia rangi tatu, mpango uliochapwa kwa taipureta, na taarifa ya maji, anasimulia distopia. Kwa hiyo pima kwanza sentensi yako imesimama wapi. Imesimama ndani ya mwili wa anayeumia, au juu ya meza ya aliyetoa amri? Kama ni mwilini, jehanamu inaweza kupita. Kama ni mezani, andika distopia.

Dola Huru la Kongo chini ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, linapimwa kwa kipimo hichohicho. Vijiji viliwekewa kiasi cha mpira cha kukusanya, na askari walitakiwa kutoa hesabu ya kila risasi kwa kuleta mkono wa mtu aliyeuawa. Mkono uliokatwa ni jehanamu. Mkono uliokatwa ili uingizwe kwenye hesabu ya risasi ni distopia. Sentensi ya pili inatisha zaidi kwangu, na inatisha bila kupaza sauti.

Kuzimu si jehanamu

Kosa la pili kwa ukubwa ni kutumia kuzimu na jehanamu kana kwamba ni pacha. Kuzimu ni neno la Kibantu tangu mizizi, ndugu wa mzimu na wazimu, na kipande cha mbele ku- ni kilekile kinachotaja mahali. Maana yake ya asili ni kwa mizimu, yaani waliko waliotangulia. Wanyarwanda na Warundi wana ikuzimu, na wanaosema Kiswahili huko hawahitaji kufundishwa. Kuzimu ya kale haikuwa tanuri. Ilikuwa chini, pa giza, pa mababu, na mababu hao waliendelea kudai heshima, kukasirika, kusaidia. Dar es Salaam yenyewe ina eneo liitwalo Mzimuni, Magomeni, jina linalotukumbusha kwamba mizimu ilikuwa na mahali pake pa kupelekewa sadaka, na watu walipakaribia kwa adabu.

Wafasiri wa Biblia walilichukua neno hili kwa ajili ya makao ya wafu ya Agano la Kale, na walifanya vizuri, kwa kuwa makao hayo nayo yalikuwa ya wema na wabaya pamoja. Lakini ndani ya Ufunuo likaja pia “shimo la kuzimu”, na humo ndimo mahubiri ya siku hizi yalimochota. Leo ukisikiliza redio za dini utasikia “nguvu za kuzimu” na “mawakala wa kuzimu”, na kijana wa mjini anaposema kuzimu huona mapembe. Neno limehamishwa kutoka kwa mababu likakabidhiwa kwa shetani. Jambo hili linaniuma, kwa sababu limetunyang'anya jina la mahali pa wafu ambapo si pa adhabu. Ahera ndiyo iliyobaki karibu, lakini ahera ni maisha yote ya baadaye, pamoja na peponi. Haina ile hali ya chini, ya giza, ya ukimya.

Kwa hiyo kwa mwandishi wa hadithi ningeshauri hivi. Tumia kuzimu pale ambapo walio hai wanashuka kuwatafuta wafu, au pale ambapo mahali panatisha kwa sababu pana waliokufa, hata kama hakuna anayeteswa. Mgodi ulioporomoka na kuwafunika wachimbaji unaweza kuitwa kuzimu, na neno litakuwa na uzito wa heshima. Ukiuita jehanamu umewahukumu marehemu. Na kwa mfasiri anayekutana na ulimwengu wa chini wa Wagiriki au wa Wamisri wa kale, kuzimu ndilo jibu la kwanza. Jehanamu ingeleta humo hukumu ya dini nyingine kabisa.

Wakatoliki wana toharani pia, mahali pa mateso yenye mwisho. Sijaona waandishi wengi wakilitumia nje ya dini, lakini lipo, na siku mtu atakapotaka kueleza mahali pa kusubiri kwa uchungu huku tumaini likiwa halijakatika, kama kambi ya wakimbizi wanaongojea majibu mwaka baada ya mwaka, huenda akaliona linamfaa kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Jinamizi dhidi ya distopia

Jinamizi ni neno tamu kwa wanaoandika vichwa vya habari. Jinamizi la ajali, jinamizi la ufisadi, jinamizi la njaa. Asili yake ni usingizini: ndoto ya kutisha, au kile kitu kinachomkalia mtu kifuani usiku, akitaka kupiga kelele sauti haitoki, akitaka kuinua mkono mkono hauinuki. Pwani watu husema jinamizi limemkaba.

Ubora wake ni kwamba lina mwili. Msomaji analihisi kifuani. Udhaifu wake ni kwamba lina mwisho wa alfajiri, na ni la mtu mmoja. Mtu akiamka jinamizi limeondoka, na jirani yake aliyelala chumba cha pili hakuliona. Ndiyo maana halifai kwa nchi. Ukisema “wananchi waliishi katika jinamizi kwa miaka 20”, umewaambia wasomaji kwamba kilichokuwapo kilikuwa ndotoni, na kwamba dawa yake ilikuwa kuamka. Utawala wa kidhalimu hauondoki kwa kuamka. Unaweza kuwa macho saa zote na bado ukawa na kikasha cha bati shingoni.

Lakini jinamizi linashinda maneno mengine yote pale unapotaka kueleza jinsi mahali panavyomwingia mtu mmoja. Chukua jengo la Nyayo House, Nairobi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya jengo hilo palikuwa na vyumba vya mateso ambamo watuhumiwa wa kisiasa walifungiwa gizani, wengine wakimwagiwa maji yakajaa sakafuni wasiweze kulala. Walipandishwa kwa lifti wakiwa wamefungwa vitambaa machoni hadi ghorofa za juu kuhojiwa. Juu ya ardhi, katika jengo hilohilo, ilikuwapo idara ya uhamiaji, na watu walipanga foleni kuomba pasipoti. Vyumba vile vilifunguliwa watu wavione mwaka 2003.

Andika sentensi tatu uzilinganishe. “Chini ya Nyayo House palikuwa na jehanamu.” Hii ni kweli kwa hisia, lakini inaishia hapo, haina mlango wa kuendelea. “Kwa aliyefungiwa humo, usiku na mchana vilikuwa jinamizi moja.” Hii inamleta mtu karibu, tunasimama naye majini, na inafaa sana katika kumbukumbu za mwathirika au riwaya inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza. “Mwananchi aliyepanga foleni ya pasipoti alisimama juu ya vyumba vya mateso bila kujua, na maofisa wa orofa zote mbili walilipwa na hazina moja: hiyo ndiyo distopia.” Hii ya tatu ni ndefu, haina machozi, na ndiyo pekee inayouliza mshahara ulitoka wapi. Kwa makala ya uchambuzi ningeichukua ya tatu bila kusita. Kwa ushairi, ya pili.

Kiama na mahame

Haya mawili hayatuchukui muda. Kiama ni wakati, si mahali: siku ambayo mpangilio wote unavunjika. Kimbunga, tetemeko, mabomu yakianguka mjini, hapo kiama kinafaa. Distopia ni kinyume chake, kwa maana shida yake ni mpangilio uliokaza mno, si uliovunjika. Wanafunzi wengi huviita distopia visa vyote vya dunia iliyokwisha, watu wakigombania maji katikati ya magofu. Hapo hakuna serikali, hakuna rejista, hakuna anayelazimishwa kutabasamu. Kiite kisa hicho kisa cha baada ya kiama, na distopia uihifadhi.

Mahame ni mahali palipohamwa. Gedi, karibu na Malindi, mji wa mawe ulioachwa na watu wake kwenye karne ya 17, ni mahame. Mtu anayetembea humo jioni anaweza kusisimkwa na mwili, lakini hakuna anayeumia, na kuuita mji huo kwa maneno ya moto ni kuupotezea hadhi. Waandishi wa hadithi za kutisha wanalisahau neno hili, ilhali linabeba upweke ambao mengine hayana.

Je, Kusadikika ni distopia?

Swali hili huulizwa sana na wanafunzi wa fasihi, na linapima vizuri ulinganisho wote huu. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, kisa cha nchi ya kubuni inayoelea angani. Mhusika wake mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakaleta mambo mema ya nchi za jirani, na kwa malipo ya wema wao wakafungwa.

Wapo wanaoiweka kwenye rafu ya utopia kwa sababu tu ni nchi ya kubuni. Hilo naliona ni kosa. Nchi inayowafunga walioleta mageuzi haiwezi kuwa mahali pema kwa sababu iko angani. Vigezo vya distopia vimetimia: mpangilio upo, baraza lipo, mashtaka yana utaratibu wake, na dhuluma inatendwa kwa lugha ya sheria. Hakuna jehanamu ndani yake, maana wanaoteswa ndio wema. Si jinamizi, maana hakuna anayeamka. Hakuna mashine wala kamera pia, na hilo liwatulize wanaodhani distopia lazima iwe na teknolojia ya kesho. Mwandishi aliyeandika chini ya utawala wa kikoloni hakuhitaji kubuni mashine. Alihitaji mahakama tu.

Lakini kuna jambo moja linalonizuia kulibandika jina hilo na kuondoka. Mwishoni mfalme anasikia. Karama anaachwa huru na waliofungwa wanafunguliwa. Distopia nyingi hufunga mlango. Hii imeuacha wazi, na nadhani ni kwa makusudi, kwa kuwa mwandishi aliamini hoja njema inaweza kumbadilisha mtawala. Kwa hiyo mwanafunzi aandike: Kusadikika ni distopia inayoelekea kwenye utopia. Hapo atakuwa amesema jambo kuhusu kitabu badala ya kukipa lebo.

Swali hilohilo linatokea katika historia ya Tanzania, na hapo tahadhari inahitajika zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa vilikuwa wito. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mwaka 1976 ndio uliowekwa kuwa ukomo. Mamilioni walihamishwa, na sehemu nyingine nyumba za waliosita zilichomwa moto. Kuna wanaoita kipindi hicho distopia. Mimi ninasita. Nia iliyotangazwa ilikuwa shule, zahanati na maji, na vingi vilifika kweli. Lakini neno utopia peke yake lingefunika majivu ya zile nyumba. Ningeandika “utopia iliyotekelezwa kwa amri”, kisha nikasimulia yote mawili, zahanati na majivu, bila kukimbilia neno moja limalize kazi.

Namna ya kuyaandika

Ukishachagua, neno likae vizuri katika sarufi. Distopia inakwenda kama utopia, katika ngeli ya I-ZI: distopia hii, distopia hizi, riwaya ya kidistopia. Tahajia yenye y ni ya Kigiriki na Kiingereza. Kwetu i inatosha, na msomaji ataitamka bila kujikwaa. Mara ya kwanza unapolitumia mbele ya wasomaji wa gazeti, lieleze ndani ya sentensi yenyewe: “distopia, yaani nchi ambayo mpangilio wake wenyewe ndio mateso ya watu wake”. Baada ya hapo liache lisimame peke yake.

Jehanamu pia ni ya I-ZI. Ukiandika kwa Waislamu, Jahanamu kwa herufi kubwa ndiyo adabu pale unapomaanisha yenyewe hasa. Jinamizi ni la LI-YA: jinamizi hili, majinamizi haya. Kuzimu tayari ni mahali, kwa hiyo usiongeze -ni, si “kuzimuni”. Upatanisho wake mzuri zaidi ni wa ku-: kuzimu kuna giza, kuzimu kumejaa. Vivyo hivyo motoni na peponi vimeshabeba -ni yao, na mtu anayeandika “katika motoni” ameweka mahali mara mbili.

Na ukijikuta umeandika mawili katika aya moja, jehanamu mstari wa kwanza na distopia wa tatu, soma tena uone ni lipi limetajwa pamoja na majina ya watu waliotoa amri. Hilo ndilo la kubakiza. Jingine lifute, au lihamishie kinywani mwa aliyeumia, ndani ya alama za kunukuu.